Kumpeleka mama kwenye ufukwe wa Petra tou Romiou, Kupro: njia, bahari na ngano zake

Mwana wa Pangani

Assalaam alaykum, na salamu njema kwa ndugu wote wa humu.

Naishi Hamburg kwa ajili ya kazi, na mwezi wa Oktoba mama yangu mzazi, ambaye amefikisha umri wa miaka 68, atakuwa mgeni wangu kwa mara ya pili. Alipokuja mara ya kwanza kila asubuhi aliniuliza bahari iko wapi, na kila nilipomwonyesha mto Elbe alinijibu kwamba mto ni mto hata ukiwa mpana namna gani. Mama amezaliwa Pangani, ameolewa na mvuvi wa Pangani, na ametulea watoto sita kwa samaki wa bahari ile. Safari hii nimeazimia kumpeleka Kupro kwa siku tano, tufikie mjini Paphos, na jambo ninalolitamani zaidi ni kumfikisha kwenye ufukwe wa Petra tou Romiou, ule wenye majabali meupe ambayo watalii huyaita jabali la Aphrodite. Taratibu za viza tumekwisha kuzikamilisha, kwa hiyo sina swali upande huo.

Maswali yangu ni ya namna nyingine. Magoti ya mama si mazuri, na ningependa kujua kama njia ya kuteremka mpaka majini inamfaa mtu wa umri wake, au kama itatosha kuutazama ufukwe kutoka juu. Mke wangu naye amesoma mahali fulani kwamba anayelizunguka jabali hilo mara tatu kwa kuogelea hupata ujana wa milele, na amedhamiria kujaribu. Naomba mwenye kuijua bahari ya pale aniambie ukweli. Lakini linalonitatiza kuliko yote ni hili: mama ni mcha Mungu, na nikimwambia kwamba nampeleka mahali alipozaliwa mungu wa kike wa Wayunani, nina hakika atakataa kushuka garini. Je, kisa hasa cha mahali pale ni kipi, na mtu anaweza kukisimulia vipi kwa mzee bila kumdanganya na bila kumkwaza?

Mkaazi wa Limassol

Wa alaykum salaam, ndugu. Nimeishi Limassol kwa miaka saba na nimewapeleka wageni pale mara nyingi, kwa hiyo nitajibu sehemu ya njia na kuwaachia wengine sehemu ya ngano.

Ufukwe uko kiasi cha kilomita 25 mashariki ya Paphos, kando ya barabara ya zamani iendayo Limassol, ambayo kwenye vibao imeandikwa B6. Usichukue barabara kuu ya A6 moja kwa moja kwa kudhani kwamba utauona kutoka huko; ukiwa na gari, shika ile ya zamani, kwa sababu inafuata pwani na kwenye kona fulani majabali yanajitokeza ghafla chini yako, na wageni wengi hunyamaza hapo bila kuambiwa. Kuna mahali pa kuegesha magari juu ya genge kabla ya kuteremka, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kusimama kwanza na mama. Ataona pwani yote, bahari ya rangi mbili na majabali yakiwa yamesimama majini, bila kuumiza goti hata moja.

Maegesho ya ufukwe wenyewe yako upande wa pili wa barabara, upande wa nchi kavu, pamoja na duka dogo. Kutoka hapo watu hupita kwenye njia iliyochimbwa chini ya barabara na kutokea ufukweni. Nawasihi sana mtumie njia hiyo na msikatishe barabarani, kwa kuwa kona ni kali na wenye magari hawaoni mbele. Kuna ngazi za kushuka, si nyingi, na mzee mwenye fimbo au mwenye mkono wa mwanawe atazimudu akienda polepole.

Tatizo kubwa si ngazi bali ni ufukwe wenyewe. Mtu wa Pangani au wa Jambiani akisikia neno ufukwe hufikiria mchanga, na pale mchanga ni haba sana. Pote ni mawe ya mviringo, mengine madogo kama kunde na mengine makubwa kama yai la bata, yaliyosuguliwa na mawimbi mpaka yakawa laini, na kila hatua yanateleza chini ya mguu. Makubazi ya kawaida hayafai. Mnunulieni viatu vya mpira vya kuvalia majini, vile vinavyoushika mguu wote, na mumbebee kiti chepesi cha kukunja, kwani kukaa chini juu ya mawe yale na kuinuka tena ni kazi hata kwa kijana. Kivuli cha asili hakipo. Mwezi wa Oktoba jua si kali kama la Julai, lakini mchana linatosha kumchosha mzee, kwa hiyo fikeni saa kumi jioni. Katikati ya mwezi huo jua huzama kiasi cha saa kumi na mbili na robo.

Kwa kuwa umezoea kuendesha Ujerumani, kumbuka kwamba Kupro wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu, kwa sababu ilitawaliwa na Waingereza mpaka mwaka 1960. Hata matundu ya umeme ni yale ya pini tatu za bapa, kwa hiyo chaja ya mama kutoka Tanzania itaingia ukutani na yako ya Hamburg itakataa.

Mwalimu wa Historia, Moshi

Ndugu Mwana wa Pangani, swali lako la tatu limenigusa, kwa hiyo naomba uniruhusu nilijibu kwa urefu. Jambo la kwanza ambalo watalii wengi hawaambiwi ni kwamba jina la mahali pale kwa Kigiriki halimtaji Aphrodite hata kidogo. *Petra tou Romiou* maana yake ni jiwe la Mrumi. Neno Romios lilikuwa jina la raia wa dola ya Bizanti, ambao walizungumza Kigiriki lakini wakajiita Warumi kwa sababu dola yao ilikuwa mrithi wa Roma. Ni Warumi walewale wanaotajwa katika Qurani, na ni walewale ambao mshairi wa Pate aliwatungia utendi mrefu wa vita vya Herekali, mfalme wao, mwaka 1728. Mama yako bila shaka amepata kulisikia jina la Herekali, na ukimwambia kwamba mnakwenda kuliona jiwe la mmoja wa watu wa Herekali hutakuwa umesema uongo.

Mrumi huyo ni Digenis Akritas, shujaa wa masimulizi ya mipakani mwa dola ile. Wenyeji husimulia kwamba majahazi ya maharamia wa Kiarabu yalipokaribia pwani, Digenis alilishika jabali zima kutoka milimani akalivurumisha baharini ili kuyazuia, na jabali hilo ndilo linalosimama pale mpaka leo. Husimulia pia kwamba mlima Pentadaktylos ulioko kaskazini ya kisiwa, ambao jina lake lina maana ya vidole vitano, una alama ya kiganja chake. Lakini nataka uzingatie jina la Digenis lenyewe, kwa maana linasema kwamba alikuwa wa nasaba mbili. Katika kisa chake baba yake ni amiri wa Kiarabu na mama yake ni Mrumi wa ukoo mkubwa. Shujaa aliyewarushia Waarabu jiwe alikuwa mtoto wa Mwarabu. Sisi watu wa Afrika Mashariki, ambao pwani yetu imejaa koo za nasaba mbili na tatu, tunakielewa kisa hiki upesi kuliko Mjerumani anayekisoma kwenye kijitabu cha hoteli.

Sasa kuhusu Aphrodite. Mshairi wa Kiyunani Hesiod, aliyeishi zaidi ya miaka 2600 iliyopita, ndiye aliyetuachia habari ya kuzaliwa kwake. Kisa chenyewe ni cha kikatili: Kronos anamkata baba yake, Ouranos, sehemu zake za siri na kuzitupa baharini, povu jeupe linazizunguka, na ndani ya povu hilo binti anakua. Anaelea kwanza karibu na kisiwa cha Kythera, kisha anafika Kupro, anatoka majini, na nyasi zinaota chini ya nyayo zake. Hesiod hataji jabali lolote. Anakitaja kisiwa tu, na kulihusisha jina la binti huyo na neno la Kigiriki la povu, *aphros*. Utenzi mwingine wa kale unasema kwamba upepo wa magharibi ndio uliomleta juu ya povu laini. Kwa hiyo kulinyoshea jabali lile kidole na kusema "hapa hasa" ni kazi ya watu waliokuja baadaye, ingawa sioni ajabu kwamba walilichagua hilo. Wenyeji husema kwamba katika siku za upepo wa kusini-magharibi mawimbi hujigonga baina ya majabali na kurusha nguzo ya povu ambayo kwa mbali hufanana na mtu aliyesimama. Anayekaa kijiji cha juu na kuliona jambo hilo kila majira ya baridi hahitaji mshairi wa kumfundisha.

Mahali palipokuwa na ibada yenyewe hapakuwa ufukweni bali kijijini Kouklia, kilomita chache upande wa magharibi, ambako ulisimama mji wa Paphos ya Kale. Hekalu la pale lilianza kiasi cha karne ya 12 kabla ya Kristo na likaendelea kwa zaidi ya miaka 1500, mpaka wafalme wa Kikristo walipozifunga ibada za kipagani mwishoni mwa karne ya 4. Titus, aliyekuja kuwa mtawala wa Roma, alilizuru mwaka 69 ili kuuliza habari za safari yake, na mwanahistoria Tacitus aliyeandika juu ya ziara hiyo alistaajabu kwamba sanamu ya mungu huyo haikuwa na umbo la mwanadamu. Ilikuwa jiwe pana chini na jembamba juu. Jiwe jeusi la namna hiyo lililopatikana pale limo katika jumba la makumbusho la Kouklia leo, na ninashauri mwende Kouklia kwanza, ndipo mteremke ufukweni, kwa sababu anayeanza na ufukwe huona mawe mazuri tu na kuondoka.

Wasomaji Wakristo wataikumbuka Pafo ya Matendo ya Mitume, sura ya 13, ambako Paulo na Barnaba walikutana na liwali Sergio Paulo. Ile ilikuwa Paphos Mpya, mji wa bandari ambamo mtakuwa mkilala, na mahujaji wa Aphrodite walikuwa wakitembea kutoka hapo mpaka Kouklia kwa maandamano. Unesco iliiorodhesha Paphos pamoja na Kouklia kuwa urithi wa dunia mwaka 1980.

Muuguzi wa Nicosia

Shikamooni wakubwa. Mimi nitasema juu ya kuogelea tu, kwa sababu nisiponena nitajilaumu.

Mwaka wangu wa pili hapa nilikwenda pale na wenzangu wanne mwishoni mwa Septemba. Bahari ilikuwa tulivu kwa macho, maji yalikuwa ya uvuguvugu, na tuliingia tukicheka kwa nia hiyohiyo ya kuzunguka mara tatu. Mimi nimekulia Mwanza na nimeogelea tangu utotoni, kwa hiyo sikuwa na hofu. Mzunguko wa kwanza nusu yake ilikuwa rahisi. Tulipofika upande wa nje, ambako jabali linaikabili bahari kuu, nilihisi maji yananisukuma kuelekea kwenye mwamba na papo hapo yananivuta kutoka chini, na kila nilipojaribu kushika kitu mkono ulikutana na jiwe lenye ncha na kome waliojibandika. Nilitoka nikiwa na jeraha refu kwenye paja na pumzi imenikatika. Mwenzetu mmoja alikaa juu ya kijiwe kwa zaidi ya nusu saa kabla ya kupata ujasiri wa kurudi. Hakuna aliyetukumbuka ufukweni, kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga picha.

Namwomba shemeji asiniwie vibaya. Pale chini huwa kirefu ghafla, mawimbi yanarudi kwa nguvu kwa sababu ufukwe umeinama, na mawe yanayohama chini ya miguu hayampi mtu pa kusimama. Akitaka kuoga, aoge karibu na nchi kavu siku ya shwari, asiwe peke yake, na mtu mmoja abaki nje akimtazama yeye tu. Kupanda majabali nako kumekatazwa na vibao vipo, ingawa utawaona watu juu yake kila siku.

Na hiyo habari ya mara tatu, nimeisikia kwa namna nyingi mno. Mmoja aliniambia ni ujana, mwingine akasema ni mchumba, wa tatu akasema ni uzazi, na mwingine akaongeza kwamba ni lazima iwe usiku wa mwezi mpevu. Mwalimu wa Historia ametueleza kwamba Hesiod hana hata jabali, sembuse mizunguko. Nimewaona wagonjwa waliotolewa baharini, na hakuna ngano inayostahili kumfikisha mtu huko.

Jambo dogo la mwisho: msichukue mawe. Utakuta watu wameyapanga yale meupe kwa umbo la moyo na kuandika majina yao kwayo, na hilo wimbi litalifuta lenyewe. Lakini kila anayetia mawe mawili mfukoni anapunguza kitu ambacho bahari imekisaga kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuhesabu. Walioandika majina kwa rangi juu ya mwamba wamefanya vibaya zaidi.

Kijana wa Kuze, Mombasa

Assalaam alaykum. Naheshimu elimu ya mwalimu, lakini naona tunaipita upesi khofu ya mama. Karibu na ufukwe ule kuna miti ambayo watu wameifunga vitambaa, leso na karatasi kwa kuomba haja zao, na mama akiviona atavitambua mara moja, kwa sababu kwetu pwani vitambaa vyekundu na vyeupe vinavyofungwa mibuyuni na kwenye mapango tunajua vimewekwa kwa ajili ya nani. Tusimwambie kwamba ni mapambo. Mtu mzima hadanganywi juu ya kitu alichokiona tangu utoto wake na akakatazwa kukikaribia.

Mimi ningemwambia hivi: mama, hapa palikuwa na watu wa zama za ujahili walioabudu, dini yao imekwisha, jiwe limebaki, na sisi tumekuja kuitazama bahari aliyoiumba Mola na kusikia watu wa kale walisema nini juu yake. Kusikiliza si kuamini. Bibi zetu walitusimulia majini wa kila kisima na kila kichaka, na hakuna aliyewaambia kwamba wamekufuru.

Na kama mna siku tano, mpelekeni Larnaca. Kando ya ziwa la chumvi la mji huo kuna msikiti na kaburi la Umm Haram, sahaba wa kike ambaye alikuwa mahram wa Mtume, yaani jamaa asiyeweza kuoana naye, na ambaye alifuatana na jeshi la Muawiya katika safari ya kwanza ya Waislamu kuvuka bahari kwenda Kupro, kiasi cha mwaka 649. Alianguka kutoka kwenye mnyama wake akafariki, akazikwa pale. Waturuki walipajengea, na jina lake linalojulikana sasa ni Hala Sultan Tekke. Mama akianza na ziyara hiyo, moyo wake utatulia, na kule kwa Digenis atakwenda akijua kwamba majahazi yaliyotupiwa jiwe katika ngano yana jamaa wa kweli katika historia.

Mwalimu wa Historia, Moshi

Kijana wa Kuze amenisahihisha vizuri, na ushauri wake wa Larnaca naupitisha kwa mikono miwili. Naongeza moja tu kuhusu vitambaa. Desturi hiyo haikuja na watalii, kwa maana Wakristo wa Kupro wenyewe hufunga leso kwenye mti ulio juu ya pango la Mtakatifu Solomoni mjini Paphos kwa kuomba shifaa ya maradhi, na mtauona mkipita. Inaonekana mwanadamu akiwa na haja kubwa hutafuta mti na kipande cha nguo popote alipo.

Nilisahau pia jambo ambalo mtu wa Pangani atalipenda. Chini ya Kouklia kuna mabaki ya kinu cha sukari cha zama za wafalme wa Lusignan, Wafaransa walioitawala Kupro tangu mwaka 1192 mpaka 1489, na jumba la makumbusho lenyewe limo katika nyumba yao ya kifalme. Miwa ililimwa pale kwa ajili ya soko la Ulaya. Mama aliyekulia karibu na mashamba ya kale ya miwa ya bonde la Pangani ataelewa kile kinu kilikuwa kikifanya nini bila kusoma kibao.

Mwana wa Pangani

Ndugu zangu, tumerudi Hamburg juzi, na nimeona si haki kuuliza kisha kunyamaza.

Tulifuata ushauri wa Larnaca siku ya pili. Mama alisali rakaa mbili, akakaa kwenye baraza akilitazama ziwa la chumvi, ambalo wakati huu wa mwaka lilikuwa karibu kavu, na alipoinuka aliniambia nimpeleke sasa huko kwa mtu wa jiwe. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia habari za Digenis, na lililomshika halikuwa nguvu zake bali baba yake. Alirudia mara mbili kwamba mtoto alikuwa anawatupia mawe ba wakubwa na ba wadogo zake.

Kouklia tulikwenda siku ya tatu, asubuhi. Jiwe jeusi alilitazama kwa muda mrefu bila neno, kisha akaniuliza kama walilitia mafuta. Nikamwambia kwamba wasomi wanaamini hivyo. Akasema linaonekana. Kwenye kinu cha sukari, kama mwalimu alivyotabiri, yeye ndiye aliyetueleza sisi, na mke wangu alikuwa akinitazama mimi ili nimfasirie, kwa sababu maneno mengine ya kazi ile hata mimi sikuwa nikiyajua.

Saa kumi jioni tulikuwa juu ya genge, pale alipotushauri Mkaazi wa Limassol tusimame kwanza. Nilitarajia kwamba mama atasema kitu juu ya uzuri wa mahali, kwa sababu hakika ni pazuri kuliko picha zote: maji ya samawati iliyokolea yanageuka kuwa ya maziwa yanapoyafikia majabali, na majabali yenyewe ni meupe upande wa jua na ya kijivu upande wa kivuli. Mama aliitazama bahari kama anavyoitazama mke wa mvuvi. Alimwuliza mke wangu kama bado ana nia ya kuogelea, na kabla hajajibiwa akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo povu lilikuwa linakwenda kinyume cha mawimbi, nje kidogo ya jabali kubwa. "Pale panavuta," akasema. Mke wangu alikuwa amekwisha kusoma maneno ya Muuguzi wa Nicosia na hakuwa amekubali moja kwa moja, lakini kwa neno la mama aliliacha jambo hilo, na alipoteremka aliingia mpaka magotini tu.

Ngazi mama alizimudu kwa kunishika mkono. Mawe yalimtaabisha kweli, hata kwa vile viatu vya mpira, na kile kiti cha kukunja kilikuwa ndicho kitu chenye manufaa kuliko vyote tulivyobeba. Namshukuru sana aliyekitaja. Tulimweka karibu na maji, ambapo povu lilimfikia vifundoni. Vitambaa alikuwa ameviona njiani, akavipita bila kugeuka. Sauti ya pale sikuwa nimeitarajia wala hakuna aliyeitaja hapa: wimbi linapojivuta kurudi, maelfu ya mawe yanabingirika pamoja nalo, na mngurumo wake ni kama mahindi makavu yanayomiminwa kutoka guniani, kisha kimya, kisha tena.

Baada ya muda aliniuliza maji ya huku yanatoka saa ngapi. Sikumwelewa. Akaniambia kwamba yuko tayari kusubiri, maji yakitoka tutatembea kwa miguu mpaka kule kwenye jabali na tutalizunguka mara ngapi tutakazo bila mtu kuzama. Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimemwambia jambo la msingi kabisa, kwamba katika bahari hii maji hujaa na kupwa kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho mtu aliyezoea bamvua la Pangani hawezi kukiona kwa jicho. Nilipomwambia alikataa kuamini. Alichagua jiwe moja jeusi ukingoni mwa maji akaliwekea macho kwa karibu saa nzima, na maji hayakulipita wala hayakuliacha. Jambo hilo lilimshangaza kuliko Aphrodite, kuliko Digenis na kuliko jiwe la hekaluni. Aliniuliza wavuvi wa hapa wanajuaje siku ya kwenda.

Kisha akaanza kumsimulia mke wangu, kwa Kiswahili cha polepole ili afuate, juu ya kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani: jinsi kilivyokuwa na miti mirefu alipokuwa msichana, jinsi wavuvi walivyokuwa wakilala huko chini ya mivinje, jinsi bahari ilivyokila mpaka mti wa mwisho ukaanguka, na jinsi sasa maji yakijaa kinazama chote na yakipwa kinarudi kuwa fungu la mchanga mtupu. Alikuwa na maelezo yake mwenyewe juu ya kilichokipata kisiwa kile, na ndani yake mlikuwa na nahodha, deni lisilolipwa na kiapo, mambo ambayo mimi mwanawe sijapata kuyasikia maishani mwangu. Jua lilizama akiwa bado anasimulia. Tulimwinua, tukakunja kiti, tukapita chini ya barabara, na tulipofika garini nahodha alikuwa ndiyo kwanza anapandisha tanga.